Maandishi Mekundu Niliyoyapita

Kilosa, jioni ya kuamkia safari yako

Semeni,

Salamu sikuandikii, tumeshapeana. Asubuhi umepita hapa uani na ndoo ya maji, umepiga goti kidogo, umesema shikamoo baba, nami nikasema marahaba. Basi. Wiki ya sita sasa tunakwenda hivyo, shikamoo moja, marahaba moja, kila mtu anashika njia yake. Heshima hujaninyima hata siku moja, hilo watu walijue. Yote mengine umeninyima, na wala sikulaumu.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mama yako alitaka kumwita mwalimu wa jirani aje aniandikie. Nikamwambia, mimi nimeandika namba za mabehewa miaka ishirini na sita, mvua inanyesha, taa mkono huu na chaki mkono huu, na hakuna behewa langu lililopotea. Leo nishindwe na karatasi? Akasema haya. Lakini nakubali, nilianza baada ya sala ya adhuhuri, sasa jua linazama, na penseli nimeichonga mara tatu.

Mambo ya safari sikuambii. Mama yako anayo hayo yote, yuko jikoni anakaanga kuku wa njiani na anayasema peke yake: usikae kiti cha dirishani, usile kitu cha mtu usiyemjua, uwahi Mikumi ulipate basi la Mbeya kabla halijajaa. Msikilize yeye. Mimi nina jambo moja, nalo ni la ile mashine.

Sikuandikii ili unisamehe. Naandika kwa sababu ukishaondoka kila mtu atalisema jambo hili anavyopenda, na mimi najijua. Upite mwaka mmoja tu, na mimi nitakuwa nalisema kivyangu, mpaka nitaliamini. Leo bado nalikumbuka lilivyokuwa. Basi likae kwenye karatasi, na karatasi ikae kwako.

Ulipoanza kwenda Rudewa kuandika majina nilikucheka. Ulikuwa unafunga kibanda chako cha kuchapa barua Jumamosi mchana, unapanda baiskeli, unakwenda kwenye mashamba ya mkonge yaliyokufa kuwauliza wazee nani kazikwa wapi. Nikakuambia, maiti hawana haraka, kachape barua za watu walio hai. Ukanijibu kwa upole, "Baba, mwekezaji amepewa shamba. Akija na trekta atalima pote. Wamesema pale penye kaburi linalojulikana patabaki, lakini lijulikane la nani na liko wapi, kwa maandishi."

Nilijua maana yake, sema sikutaka kuonyesha. Manamba walioletwa kukata mkonge hawakuwekewa saruji wala jiwe. Mtu akifa walimzika pembeni ya kitalu na kupanda mti wa mbono kichwani, ndiyo hiyo tu alama yake. Mibono nayo ilikuwa inakatwa kuni, inaungua moto wa kiangazi, inachipua pengine. Mwishowe waliojua walikuwa wazee wachache, na walijua kwa hatua: kutoka kona ya mtaro hatua kadhaa, kutoka jengo la mashine ya mkonge hatua kadhaa. Miaka miwili ulitembea nao hatua hizo. Ukapata majina sitini na tatu.

Siku ya Bibi Chausiku nilikwenda na wewe. Yule bibi alikuwa amebaki peke yake katika waliomzika babu yako Luambano. Macho yalikuwa yamekwisha lakini mdomo ulikuwa mzima. Aliponishika mkono akaniambia, "Wewe si mtoto wa Luambano? Hujui baba yako alipolala?"

Nikasema, "Bibi, nilikuwa mdogo."

"Mdogo! Ulikuwa na ndevu!"

Watu walicheka, na wewe ulicheka. Mimi nilinuna, kwa sababu ni kweli. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, ndiyo kwanza nimeajiriwa reli pale Mikumi. Habari ya msiba ilinifikia mapema, lakini nilikuwa nimepewa koti jipya la kazi na sikutaka mtu mwingine ashike zamu yangu. Nikafika siku ya tatu. Nikala matanga, nikarudi. Kaburini sikwenda. Nilisema nitakwenda siku nyingine, na hivyo ndivyo nilivyosema miaka arobaini.

Basi bibi akakuongoza, fimbo mbele, wewe na daftari nyuma yake, mnahesabu. Mnapita kwenye magugu mnahesabu kwa sauti. Unajua mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nimebaki barabarani namsimulia mwenye baiskeli mmoja jinsi nilivyowahi kusimamisha treni ya mizigo kwa kitambaa chekundu. Nilisikia sauti zenu. Hatua ngapi, upande gani, sikushika. Niliona unaandika, nikajua limeandikwa, nikatulia.

Halafu mto Mkondoa ukafurika, maji yakaingia mtaani kwetu. Wewe ulibeba kichwani ile mashine yako ya kuchapia, kompyuta, lile sanduku lenyewe, maji yako kiunoni. Ukanipigia kelele, "Baba, gunia la daftari! Shika daftari!" Mimi nilishika koti langu la reli na taa. Ndivyo ilivyokuwa. Baadaye niliwaambia watu kwamba gunia liliponyoka. Halikuponyoka, sikulishika.

Maji yakapungua, Bibi Chausiku akafa mwezi huohuo, na sanduku lako likawa halitoi sauti. Ukalifungua ukanionyesha, ule ubao mkubwa wa kijani ulioshika vitu vyote, mnaouita mazabodi, maji yalikuwa yameufikia kabla hujalibeba, umeingia tope na umeota kutu. Lakini diski, kile kichuma kinachotunza maandishi, kilikuwa kimefungwa juu na hakikulowa. Ukasema, "Majina nilikuwa nimeyachapa yote, yamo humu, baba. Nikipata mazabodi nyingine tu, yamo." Ukaenda Morogoro ukaja nayo, imetolewa kwenye mashine ya mtu. Siku uliyoifunga ilikuwa Jumatatu. Maafisa wa ardhi walikuwa wanakuja Alhamisi kuichukua orodha.

Nilikukalia kichwani siku nzima ukiifunga. Uliketi mkekani, kabla ya kugusa chochote unagusa kwanza chuma cha kitanda, ulisema ni kutoa umeme wa mwilini, skrubu umezipanga kwenye kisahani. Nilikuwa nakupa amri ambazo sikuzijua mwenyewe. Jioni ukaiwasha. Feni ikazunguka, kioo kikawa cheusi, vikatokea vimistari viwili vyeupe vya Kizungu, ikasimama hapo.

Nikasema, "Imekufa."

"Haijafa. Njoo weka sikio hapa." Nikaweka. Ndani palikuwa panavuma taratibu. "Hiyo ni diski, inazunguka, iko hai. Mazabodi hii ni ngeni tu, haijui ianze kuamkia wapi. Inatafuta kwenye mlango wa flopi, haikuti kitu. Inatafuta kwenye mlango wa sidii, haikuti kitu. Inatafuta kwenye waya wa mtandao, na sisi hatuna waya. Diski yetu haimo kwenye mpango wake, basi inakata tamaa na kusimama. Ni kama pointi zako, baba. Treni nzima, dereva mzima, lakini reli zimelazwa kwenye njia isiyo na stesheni."

Semeni, katika maisha yangu sijawahi kuambiwa neno likanikaa kama lile. Kazi yangu ilikuwa hiyo. Pointi ni ule mkono wa chuma unaolaza reli upande huu au ule, na mimi ndiye niliyeushika. Dereva hachagui njia, anakwenda pale mshika pointi alipomlazia. Ukaizima mashine ukaiwasha tena, ukagonga kitufe kimoja pembeni mara nyingi upesi upesi, kikaja kioo cha buluu chenye orodha. Ukalichukua jina la diski ukalipandisha juu ya milango yote. Ukaniambia njoo uone ninavyofanya. Nikasema nimeshaona. Sikuwa nimeona. Nisingeinama kufundishwa na mtoto.

Ikaamka. Ukafungua orodha ya majina, ukashuka chini mpaka kwenye jina la babu yako, na mbele yake hatua zake zote. Ukasema, "Ngoja nichukue karatasi ninakili yote kwa mkono kabla ya lolote," kwa sababu printa ilikuwa imekwenda na maji.

Na mimi nikasema ngoja kwanza. Nikatoka nikawaita majirani. Nyumba ikajaa. Nikasimama mbele ya kioo kama gadi wa treni, nikawaambia mashine imefunguliwa yote, imefungwa yote, hapahapa, chini ya usimamizi wangu. Wewe ulikaa na kalamu mkononi unasubiri waondoke. Hawakuondoka, nilikuwa sijamaliza. Umeme ukakatika.

Ulipopata mshumaa ulikuwa umeshajua ubaya mwingine. Uliniambia saa ya ile mashine ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi, ikidhani leo ndiyo siku iliyotoka kiwandani. "Kuna kibetri kidogo kwenye mazabodi, mviringo kama kifungo cha koti. Kazi yake kuikumbusha mipango umeme usipokuwepo. Hiki kimekwisha. Kila umeme ukikatika itasahau, itarudi kuzurura kwenye mlango wa flopi na wa sidii." Ukasema utaibeba mashine yote alfajiri uende nayo Mikumi. Kule yuko fundi unayemjua, mna kibetri, mna printa, itachapwa siku ileile.

Nikakataa. Nilikuambia barabara mbovu, itatikisika. Uongo. Majirani walikuwa wameiona usiku inafanya kazi chini ya usimamizi wangu, na mimi sikutaka waione asubuhi inatoka mlangoni imefungwa kwenye kanga kama mgonjwa. Nikasema mashine haitoki nyumbani kwangu. Ulinitazama sana, halafu ukasema, "Sawa baba. Nitakwenda kuleta kibetri. Lakini usiiwashe. Haina ubovu, ni mpango tu. Usiiguse mpaka nirudi."

Nikasema, "Nani aiguse? Mimi ni mtoto?"

Umeme ulirudi mchana wa Jumanne, wewe ukiwa Mikumi na mama yako shambani. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kahawa la Mzee Mkude. Redio yake ikalia, watu wakasema haa, umeme. Mkude akanigeukia na birika lake, "Haya, fundi mkuu, kaiamshe mashine tuje tusome majina."

Nikasema, "Mpaka mtoto arudi, kafuata kifaa."

"Kumbe ni ya mtoto! Jana ulituambia umeifunga wewe."

"Niliisimamia."

"Alaa. Anaisimamia lakini hawezi kuiwasha." Wakacheka wote. Mwingine akasema, "Mwacheni, mzee ni wa treni. Hiyo haina filimbi."

Ndiyo hayo tu. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyenisukuma. Nilinywa kahawa yangu nikamaliza, nikarudi nyumbani na kufunga mlango.

Niliiwasha. Ikatoa ule weusi na vimistari viwili, kama ulivyosema. Nikatafuta kitufe cha pembeni, nikagonga cha huku, nikagonga cha kule, haikuja buluu. Nikaizima nikaiwasha, mara nne, mara tano, jasho linanitoka. Ndipo nikakumbuka siku uliyoileta mashine kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imelala vilevile, ukatia sidii fulani, ikaamka. Niliiona juu ya kabati ndani ya bahasha, umeificha vizuri. Nikapanda stuli nikaichukua.

Mashine ilikuwa inatafuta kwenye mlango wa sidii, wewe ulishaniambia. Safari hii ikakuta kitu.

Ikaniuliza swali kwa Kizungu. Nikabonyeza kile kitufe kikubwa. Ikauliza tena. Safari hii maandishi yalikuwa mekundu. Semeni, mimi mtu wa reli. Nimefundishwa rangi moja kabla ya herufi zote. Nimewafokea madereva wazima, watu wenye vyeo, kwa kuukaribia mkono mwekundu wa ishara. Niliyaona maandishi mekundu, niliyatazama, sikujua yanasema nini, na nikapita.

Ukatokea mstari unajaa taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Nilifurahi, sikufichi. Nilikuwa naihesabia stesheni: hapa imetoka Kilosa, hapa imeingia Mikumi, hapa inateremkia Kidatu. Ilipojaa ikazima, ikawaka, ikaleta picha nzuri ya kilima na mawingu. Nikavaa koti langu, nikatoa kiti, nikakaa nje kukusubiri.

Ulirudi jioni, vumbi mpaka kwenye kope, kibetri umekifunga kwenye karatasi ya peremende. Hata begi hujaweka chini nikakuambia, "Kibetri chako kakitie kwenye saa ya ukutani. Nimeshaiamsha."

Ukasimama. "Baba, umeiamshaje?"

"Ingia uone."

Ukaingia, ukakaa, ukafungua hapa ukafunga, ukafungua pale ukafunga. Mimi nimesimama nyuma yako nasubiri sifa. Ukauliza bila kugeuka, "Ulitia ile sidii ya kwenye bahasha?"

"Ndiyo."

"Ile inairudisha mashine kama ilivyotoka kiwandani. Haikukuuliza kitu?"

"Iliuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikasema ndiyo."

"Mara ngapi, baba?"

Nikasema mara mbili. Ukakiweka kibetri mezani, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Hukulia. Afadhali ungelia, ningekufokea, tungekuwa tumesema kitu.

Jumatano ulikwenda Mikumi tena, safari hii na diski yenyewe, na mimi sikukuzuia. Fundi wako akakaa nayo mpaka jioni. Jibu lake uliniletea mlangoni kwa maneno machache: kilichoandikwa juu yake kipya kimefunika cha zamani, hakuna pa kuchimba. Nikakuuliza, na hatua za babu yako, wewe mwenyewe hukumbuki? Ukasema unakumbuka ilikuwa upande wa mtaro, lakini hatua zake zimechanganyika na za watu wengine sitini, na kaburi hutaki kulibahatisha.

Sasa Alhamisi. Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu nilipochonga penseli mara ya kwanza.

Watu walijaa pale shambani, maafisa wa ardhi wamekaa kwenye viti, pamoja na mwakilishi mmoja wa mwekezaji na miwani yake. Wakauliza orodha iko wapi. Wewe ukanyanyuka kusema. Nilijua utasema kweli, ungeisema kwa adabu, ungenifunika kadiri unavyoweza. Sikungoja. Mimi nikasimama kabla yako nikasema, "Mtoto alitia kibao kibovu kwenye mashine, kikala majina yote."

Niliyasema hayo kwa mdomo huu. Ulinitazama, halafu ukakaa.

Mtu akasema nyuma, "Jumatatu tuliyaona kwa macho yetu, yalikuwa yamo." Mwingine akasema, "Na Jumanne alikuwa wapi? Si alikwenda Mikumi? Kwa nani?" Na jana yake walikuwa wamekuona unakwenda tena. Nilisikia jinsi jambo linavyopinda. Nilikuwa nimesimama palepale, mkono wangu uko kwenye pointi, ningeweza kuirudisha reli kwa neno moja. Nikakaa. Kufika Ijumaa mji mzima ulikuwa unasema umenunuliwa, umefuta majina ya wafu kwa ajili ya mwekezaji. Wateja wako wakaacha kuja. Yule mama wa Rudewa uliyemwandikia wazazi wake wote wawili alipita mbele ya kibanda chako akatema mate chini.

Na trekta likapita. Nilikwenda kuangalia, sikumwambia mtu. Udongo mwekundu, umelala mistari mistari, mzuri kabisa. Sikuona hata mbono mmoja. Nilisimama upande wa mtaro nikajaribu kutembea kama Bibi Chausiku, nikafika mahali nikaona natembea tu.

Nitakuambia na lingine, hili hata mama yako halijui. Umekua ukinisikia nikisema miaka ishirini na sita sikuwahi kuipeleka treni njia isiyo yake. Niliipeleka mara moja. Pale Mikumi, mchana kweupe, nilikuwa nasimulia hadithi nikasahau kugeuza pointi, injini ikaingia njia ya kufia, ile isiyotoka popote, na mabehewa ya miwa, mawili yakalala ubavu. Hakufa mtu. Walipouliza nikasema mkono wa pointi ulikuwa mgumu, haukupakwa grisi. Mtu wa kupaka grisi alikuwa Damiani, tuliyekaa naye chumba kimoja, tuliyekula naye sahani moja. Damiani hakubisha sana, hakuwa na maneno mengi. Akaachishwa kazi. Alipita kuniaga, akanipa blanketi lake kwa sababu alisema kwao hakuna baridi. Lile la kijivu, ulilolalia ulipokuwa mdogo.

Kwa hiyo nisikudanganye kwamba ile Alhamisi ulimi uliteleza. Nilikuwa na mazoezi.

Wiki sita nilikuwa nasema nitawaambia watu, kesho, Ijumaa, baada ya msiba wa fulani. Nilipoona mama yako anakushonea begi kamba, leo asubuhi, nikajua hakuna kesho tena. Nikavaa koti, nikaenda benchi la Mkude, walikuwa wote. Nikasimama. Nikasema, "Jamani, majina niliyafuta mimi. Semeni alikuwa Mikumi kuleta kibetri. Aliniambia nisiguse, nikagusa. Kibao hakikuwa kibovu."

Mkude akaweka birika chini. Nikadhani limeingia.

Mkude akasema, "Wewe? Uifute kwa nini?"

"Kwa kutojua."

"Mzee, hata redio hii ukija nakuwashia mimi." Wakaangua kicheko.

Nikapandisha sauti, nikawaapia. Nikawaeleza mlango wa sidii, maandishi mekundu, mstari uliojaa. Mmoja, wala si mtu mbaya, akanishika bega akaniambia, "Tunakuelewa, baba Semeni. Hata mimi binti yangu angekuwa anaondoka hivyo ningejitwika." Na mwingine akasema kwa chini, lakini nikasikia, "Leo kaja na hadithi mpya, jana alisimamisha treni kwa kitambaa."

Nilikaa. Nikanywa kahawa. Sikujua la kufanya na mikono yangu. Nimewaeleza watu wale mambo mengi ambayo sikuyafanya na wakanikubalia. Hili moja nililolifanya, hawalitaki. Nitakwenda tena Ijumaa, nitasema tena, na najua watakavyocheka. Sitarajii kitu. Nakuandikia tu ujue kwamba nilisema, na kwamba nilichelewa.

Ukikosea huko Mbeya, na utakosea, wewe ni damu yangu, sema siku ileile, hata kama mdomo unakataa. Sikufundishi, nakuonyesha tu mtu aliyengoja alivyo.

Kibetri chako kimo ndani ya bahasha hii, bado kimo kwenye karatasi yake ya peremende. Kibanda nitampa mama yako aweke mkaa. Mashine nimeifunika kanga, sijaiwasha tangu siku ile na sitaiwasha.

Kesho utakuja na begi lako, utaniambia shikamoo. Nitaitikia. Nikikawia kidogo kuitikia usidhani nimekasirika, nitakuwa natafuta la kuongezea, na nadhani sitalipata.

Nyuma ya karatasi hii nimeandika majina niliyoweza kuyakumbuka katika yale sitini na tatu. Nimekaa nayo siku tatu. Yametoka tisa tu. Nimechora mistari kama ulivyokuwa unachora wewe kwenye daftari, jina upande huu, mahali upande huu. La mwisho ni la babu yako, Luambano. Nimeliandika kwa herufi kubwa, lisome hata asiyeona vizuri. Mbele yake pale pa mahali nimeshika penseli muda mrefu, mama yako ameniita kula mara mbili. Nimepaacha wazi.

Baba yako